Dakika Nne za Dereva Wangu

Niliacha shule darasa la tatu, na bado nilikuwa mtu wa kwanza katika mtaa wetu wa Kawangware kumiliki lori lenye turbo. Wenye digrii walipita langoni kwangu kwa miguu wakilitazama. Sikurithi kitu. Nilianza na mkokoteni, na kila nilichonunua nilikipiga alama yangu kwa tupa, hata jembe, maana watu si wa kuaminiwa.

Dereva naye sikumwamini. Alikuwa mtu wa kutoka Magharibi, mpangaji wa Kianda kule Kibera, mkimya, na mtu mkimya hunitia wasiwasi. Aliniletea mawe ya kujengea vyumba vyangu vya kupangisha kutoka timboni, na kila akifika hakuzima injini. Aliketi tu, mikono kwenye usukani, lori likinguruma chini chini. Nilimpima kwa saa yangu: dakika nne. Kila siku, dakika nne.

Huyu anangoja nani? Nikawa napima dizeli kwa fimbo asubuhi na jioni. Nilitafuta mpira wa kunyonyea chini ya tangi. Nilimwuliza mama wa chai wa ng'ambo ya barabara kama kuna mtu huja na mtungi.

"Mzee, anayezungukazunguka hilo lori ni wewe peke yako," akasema.

Huyo naye nikaanza kumtilia shaka.

Siku moja nikapanda ndani, nikamkabili dereva. "Mbona huzimi?"

"Turbo bado moto, mdosi. Inazungushwa na moshi wa injini, na tumepanda mlima na mzigo. Nikizima sasa hivi, oili inasimama humo ndani, inaungua."

Nikamwonyesha geji ya joto. Barua hunishinda, lakini geji naisoma kuliko injinia. Mshale ulikuwa katikati.

"Geji inasema poa, wewe unasema moto. Nani mwongo?"

"Hiyo inapima maji. Huko kwa turbo hakuna geji ya joto. Ni kungoja tu."

Jibu zuri mno. Nikasema moyoni, asiye na la kuficha hajibu vizuri hivyo. Nikanyoosha mkono mbele yake, nikavuta waya wa kuzimia, injini ikakata. Tangu siku hiyo nilimngojea langoni. Lori likisimama tu, napanda, navuta. Alitikisa kichwa tu.

Mwezi haukuisha. Lori likaanza kutoa moshi wa buluu, kisha mweusi. Mlimani mshale wa presha ya turbo haukunyanyuka kabisa, na likiwa tupu likapitwa na trekta. Mimi nikaona mambo yako wazi: ameuza turbo yangu, akanifungia kuukuu. Nikamfukuza mbele ya wapangaji wangu wote, nikimwita mwizi. Aliweka ufunguo juu ya boneti, akaenda.

Fundi aliifungua turbo mchana ule ule, nami nimemsimamia nisije nikaibiwa mara ya pili. Kitu cha kwanza nilichokiona ubavuni mwake ni mikwaruzo mitatu ya tupa yangu. Ilikuwa ile ile. Ndani, shafti haikuzunguka hata kwa koleo. Oili ilikuwa imeungua, ikagandamana kama ukoko wa ugali kwenye sufuria.

"Nani huyo mjinga anazima gari likiwa moto?" fundi akauliza.

"Dereva," nikasema. Ilinitoka yenyewe. Mpaka leo neno hilo linanikera kuliko hasara.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikwenda Kianda. Nilimkuta nje ya chumba chake anafua shati. Habari ya wizi ilikuwa imefika kabla yangu. Wenye magari wawili walikuwa wamemkatalia kazi.

"Mdosi, kuna kitu kingine kimepotea?"

Majirani wakacheka.

"Turbo ni ile ile. Niliiua mimi."

"Sikusikia."

Alikuwa amesikia vizuri sana.

"Wewe si mwizi!" nikapaza sauti. "Niliiua mimi, kwa mkono wangu!"

"Sasa wamesikia." Akakamua shati pole pole, akalitundika kwenye kamba, akalinyoosha kola. "Nitarudi. Lakini nikiwa ndani ya lori, wewe unabaki chini, hupandi."

Nikakubali, mbele yao wote.

"Basi Jumatatu," akasema, akachukua shati la pili.