Kilo Zangu Nilizitafuta Mwenyewe

Niliondoka Kitahana nikiwa mtoto wa mbavu za kuonekana, nikimfuata baba aliyekwenda kukata mkonge Tanga. Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa na stashahada ya kilimo, jozi tatu za viatu vya ngozi, na mwili uliojaza mlango wa basi. Mama alikuja kunipokea stendi ya Kibondo. Alinizunguka kama anayekagua ng'ombe, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaminya, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Sasa aje mtu aseme sisi ni watu wa njaa!"

Nilipangiwa ofisi ya ununuzi wa mazao Kasulu. Mkuu wangu alikuwa mtu safi, mchapakazi, mwembamba kama fito. Mwezi wa kwanza tulikwenda naye vijiji vya upande wa Kakonko. Gari liliposimama, wanakijiji walinikimbilia mimi. Walinipa mkono kwa mikono miwili, wakinisalimu kwa Kiha, "Mwidiwe, mama, mwidiwe!" wakanikalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo. Kisha mama mmoja akamgeukia mkuu wangu, ambaye vumbi lilikuwa limempaka uso mzima.

"Dereva, mwanangu, uji upo kule nyuma na vijana."

Niliwaambia mara moja kwamba yule ndiye mkubwa wangu. Wakaangua kicheko, wakasema nina roho nzuri, nampandisha cheo dereva.

Tangu siku ile sikupanda tena Landrova ya ofisi. Nilipouliza, mkuu alijibu mbele ya wenzangu, "Dada, tunahurumia springi." Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu pale Kasulu watu hawakuishi kwa mshahara, waliishi kwa posho ya safari. Wenzangu wenye vyeti vya miezi sita walijenga nyumba za bati, na mimi mwenye stashahada nilibaki ofisini nikipiga mihuri. Ukutani, juu ya meza yangu, kulikuwa na picha ya mnyonyaji kama zilivyokuwa zikichorwa miaka ile. Mnyonyaji huyo alikuwa na tumbo, sigara na mashavu. Kuna aliyeibandika hapo makusudi. Niliiacha. Nilivutia kiti changu karibu nayo ili kila anayeingia atulinganishe vizuri na aseme anachotaka kusema.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya mkuu wa kituo cha kununulia tumbaku Kibondo. Ilikuwa na nyumba, pikipiki na mshahara wa daraja nililosomea. Tuliomba wawili, mimi na kijana mmoja wa ofisini, mwembamba, mpole, aliyejua tumbaku kwa kuisikia. Mkuu aliniita pembeni.

"Wakubwa wa mkoa wanakuja mwezi ujao. Punguza mwili kidogo, dada. Mkulima akikuona atasema ndilo jasho lake hilo linatembea."

"Linalotembea hapa ni jasho la baba yangu na langu," nilimwambia. "Mkulima kama ana shaka, aniulize nilikolima."

Jumapili nilikwenda nyumbani nikamsimulia mama. Aliniongezea ugali wa muhogo na maharage ya mawese, nami nikala wote.

Kikao kilifanyika ghalani Kasulu, katikati ya marobota ya tumbaku waliyoyaleta wakulima, wajumbe wa mkoa mbele na wawakilishi wa wakulima kwenye mabenchi. Mkuu wangu alisimama akasema Kibondo ni vilima, kituo kinahitaji mtu mwepesi, na zaidi ya hapo nchi yetu ni ya wafanyakazi na wakulima, inafaa tuangalie sura tunayowapelekea wananchi. Hakunitaja. Macho yote yalinigeukia.

Mkulima mmoja kutoka Kibondo, aliyevaa koti lililochanika kwapani, akanyanyuka.

"Ndugu Mwenyekiti, msimu uliopita mlituletea mwembamba. Alikuwa na njaa yule! Alikula tumbaku yetu hapo hapo kwenye mizani. Huyu mama tayari ameshiba. Atatuibia aweke wapi?"

Ghala zima lilivunjika mbavu kwa kicheko. Hata mwenyekiti wa mkoa alifuta macho.

"Haya, wakulima wamesema. Ndugu, kazi ni yako. Kaa chini."

Nilikuwa nimeitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Lakini nilibaki nimesimama.

"Siikubali hivyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Unakataa kazi?"

"Nakataa sababu. Mkuu ananinyima kwa ajili ya tumbo, mkulima ananipa kwa ajili ya tumbo. Hakuna aliyeuliza kama najua tumbaku. Fungueni robota, mtuulize sisi wawili."

Mwenyekiti alikunja uso, lakini akaashiria. Wapagazi wakavuta robota la karibu, wakalifungua. Kijana alichukua majani ya juu, akayanusa, akasema daraja la pili. Nilikunja mkono wa gauni, nikazamisha mkono mpaka begani, nikavuta fungu la katikati. Majani yalikuja yameshikana, yana unyevu, yana harufu ya mfuko wa chumvi uliolowa.

"Juu pamepangwa majani mazuri," nilisema. "Ndani limefungwa bichi. Mkilinunua kwa daraja la pili, mmenunua ukungu. Ni la nani hili?"

Yule mwenye koti lililochanika akajikuna shingo.

"Lakini mama, mimi si ndiye niliyekusemea?"

"Nimekusikia, kaka. Ahsante. Kalikaushe upya."

"Mimi nilidhani mtu akishiba huwa analala!" Akawageukia wenzake. "Jamani, tumrudishe yule mwembamba?"

Safari hii nilicheka na mimi, na yeye mwenyewe akacheka, huku akivuta robota lake kulitoa katikati ya ghala. Kijana tuliyeshindana naye aliniachia njia nipite. Mkuu wangu alikuwa akiangalia viatu vyake.

Mwenyekiti alivuta karatasi. "Vizuri. Tutakuandika kaimu mkuu wa kituo, kwa mshahara wako wa sasa, kwanza tukuone."

"Kaimu anamshikia mtu nafasi," nilisema. "Mwenyewe ni nani, na atarudi lini?"

Alimtazama mkuu wangu. Mkuu wangu hakuwa na jina la kumpa. Mwenyekiti akakata neno kaimu kwa kalamu, akaniuliza tahajia ya jina langu, nami nikamtajia herufi moja moja, taratibu, wote wasikie.