Mitakawa Miwili

Mume wetu akininunulia ndoo, mke mwenzangu wa Kisarawe naye hununuliwa ndoo, ya rangi ile ile. Ndivyo alivyoahidi alipooa mara ya pili, na ahadi ameishika. Siku tatu hulala kwangu Kibaha, siku tatu kwa mwenzangu. Khanga, mchele, hata vitasa vya milango, vyote sawa kwa sawa.

Kwa hiyo alipotoka Bagamoyo na miche miwili ya mtakawa, nilijua mmoja si wangu. Alinieleza kwamba mti huo hutoa maua ya njano asubuhi, na jioni hugeuka mekundu yakadondoka. Alieleza na mengine, lakini sikuyasikia. Nilikuwa nimechuchumaa naipima miche kwa shubiri. Mmoja ulizidi kwa majani mawili, nikauchukua huo.

Niliupanda nyuma ya nyumba, baina ya ukuta na bafu, wapita njia wasije wakautia kijicho. Nikaumwagilia maji ya bomba, tena kwa kikombe. Mwaka wa tatu ulikuwa umerefuka na kukonda, hauna ua hata moja.

Wa mwenzangu ulichanua. Nilijua siku nilipokuwa nafua, nikakuta kwenye mfuko wa shati la mume wetu ua limenyauka, jekundu. Alilichuma kwa mwenzangu akalisahau humo. Nililishika nikalitazama, roho ikaniuma mpaka nikashindwa kuendelea kufua.

Haikupita muda mwenzangu akajifungua, nikaitwa Kisarawe kwenye akika ya mtoto. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nikakabidhiwa chungu cha pilau pamoja na viungo vyote. Mti ulisimama katikati ya uwanja, umejaa njano, na wageni wametandikiwa mikeka chini yake. Kila aliyeingia alisifu. Mume wetu alikuwa anaitikia kama aliyeuzaa yeye.

Wageni walipoinuka kwenda dua, nilichukua pakiti mbili za chumvi, nikazimwaga zote shinani na ndoo ya maji juu yake. Nilitaka ufe. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Pilau ikaliwa haina chumvi. "Leo mkono umeteleza, bi mkubwa," mama mmoja alinitania. Nikacheka nao.

Nikasubiri habari za msiba wa mti. Kila zamu yangu ilipofika nilimuuliza mume wetu habari za Kisarawe, za mtoto kwanza, kisha za kuku, kisha za mti. "Haujambo," alijibu, akinishangaa.

Idi iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Ulikuwa umezidi kutanuka, maua yametapakaa mpaka juu ya paa la choo. Jioni mwenzangu alinisindikiza hadi barabarani, mtoto mgongoni, na mkononi ana kitu amekifunga kwa kitambaa kibichi.

"Dada, nimekukatia tawi," alisema. "Lipande mbele ya nyumba, juani. Ule wako umekosa jua."

Nikalipokea.

"Na maji usihangaike nayo. Mti wa ufukweni huu, chumvi hauogopi. Mimi naumwagilia ya kisimani, yale machungu. Alitueleza wote wawili, au hukumsikia?" Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Zile pakiti nilizikuta siku ile ile, nikazitia jikoni kwenye moto."

Nilisimama pale na tawi langu. Niliuliza kitu kimoja tu, kama amemwambia mume wetu.

"Nimwambie ili iweje? Wewe ni dada yangu."

Tawi nimelipanda mbele, juani, na limeshika. Mume wetu anadhani tumependana, na amefurahi. Mimi kila asubuhi nikilimwagilia namwona mwenzangu anachoma zile pakiti kimya kimya, na wivu unanipanda upya, maana ningekuwa mimi, ningemwambia usiku ule ule.