Kahawa ya Mama Mkwe na Nyumba ya Kutu

Siku yangu ya kwanza kazini niliogeshwa kabla sijafundishwa chochote. Nilifika kituo cha utafiti wa kahawa asubuhi na mapema, nimevaa sketi niliyoshonewa kwa harusi ya dada yangu, viatu vinang'aa, vyeti vyangu viko kwenye bahasha. Msimamizi wa Nyumba ya Kutu, mzee mfupi mwenye sauti ya mhubiri, bahasha yangu hata hakuitazama. Alinipa kipande cha sabuni, koti la kijani na buti za mpira, akanionyesha bafu la mabati lililokuwa mlangoni.

"Ingia uoge, uvae hivi. Jioni utaoga tena ndipo uvae vyako. Ukisahau hata siku moja, usirudi."

Nikamuuliza kwani humo ndani kuna nini.

"Kutu," akasema. "Na hukuletwa kuiua, binti. Umeletwa kuilea."

Sasa mimi ni mstaafu, naishi Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwa binti yangu Wawira ambaye ni nesi. Ijumaa baada ya ibada sebule yetu hujaa wasichana wa kwetu: manesi wenzake, mmoja wa mapokezi ya hoteli kule Al Sadd, na Achieng, fundi wa kompyuta, ambaye mdomo wake haupumziki. Wananiletea karak, chai nzito ya maziwa, kutoka duka la chini, wananiita Shosho, yaani bibi, halafu wananichokoza.

"Wueh! Shosho, yaani mlikuwa mnafuga ugonjwa kama kuku? Na mnalipwa?"

Tulilipwa, Achieng, na pensheni juu. Sasa nyamaza nikueleze vizuri, maana wewe kahawa unakunywa kutwa na hujui ilikoponea.

Kutu ninayoisema si ya mabati. Ni ugonjwa wa majani ya kahawa unaoletwa na kuvu. Geuza jani utaona chini yake unga wa rangi ya chungwa, ukiugusa unabaki kidoleni. Jani lililoshikwa huanguka, na mti usio na majani hauna cha kulishia matunda. Dawa ya kunyunyizia ipo, lakini unainunua leo na mvua ikirudi unainunua tena, na mkulima mdogo hawezi. Ndiyo maana sisi tulitafuta mti uliozaliwa na kinga yake mwenyewe, kinga iliyo kwenye vinasaba, ule urithi ambao mti hupokea kwa wazazi wake kama Achieng alivyopokea mdomo kwa mama yake.

Sasa, utajuaje mti una kinga kama haujakutana na ugonjwa? Ilibidi tuwe na kutu karibu mwaka mzima, hata kiangazi. Na kutu ya kahawa haiishi ila kwenye jani lililo hai. Kwa hiyo tulikuwa na miche dhaifu, isiyo na kinga hata kidogo, kazi yake kuugua tu. Jani moja likikaribia kufa, nachukua brashi laini, nakwangua ule unga na kuupaka chini ya jani lingine bichi. Kisha nanyunyizia maji na kufunika mche kwa magunia mabichi usiku kucha, maana kutu haioti bila unyevu. Nilikuwa yaya wa kutu, na niwaambie ukweli, niliipenda kazi ile. Nilikuwa nikiingia asubuhi nafunua magunia kwa hamu ya mtu anayekwenda kuangalia mkate wake kama umeumuka.

Lakini kutu zile hazikuwa za ukoo mmoja. Watafiti wanaziita mbari. Mbari moja inaangusha aina hii ya kahawa, nyingine inaangusha ile. Kituo kilizikusanya kutoka pande mbalimbali, na baadhi zilikuwa kali kuliko zilizokuwa mashambani kwetu. Hapo ndipo ilipotoka sheria ya pili, ambayo Msimamizi alinipa siku ileile jioni, nywele zangu zikiwa bado zinachuruzika maji.

"Maadamu unafanya kazi humu, huingii kwenye kahawa ya mtu yeyote. Hata ukioga. Unga huu unakaa nyweleni, unakaa kwenye kucha. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Shida ni kwamba nilikuwa nimeolewa mwaka huohuo Kirinyaga, kwenye boma ambalo kahawa inaanzia mlangoni mwa jikoni.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane. Shamba lile alilipanda yeye na marehemu mumewe, kwa jembe, na wanawe wote walisoma kwa kahawa ile. Msimu wa kuchuma ukifika, wake wa wanawe wote hujifunga vikapu kiunoni na kuingia shambani wakiimba. Mimi nilibaki jikoni. Nilipika, nilifua, nilichota maji ya boma zima, lakini mguu wangu haukuvuka ile mistari ya kwanza. Nikamweleza sababu. Akanitazama juu mpaka chini.

"Ugonjwa unakaa kwenye nywele? Kwani ni chawa?"

"Mama, ni kama unga, ukikaa nyweleni hauonekani."

"Hauonekani, lakini wewe umeuona." Akawageukia wale wake wengine wa wanawe. "Muacheni. Huyu ni mke wa ofisi. Kahawa yetu itamchafua."

Mume wangu, dereva wa malori ya Mombasa, nilipomlalamikia alisema, "Hayo ni ya wanawake, mtajuana." Nilitamani kumrushia mwiko. Jina la mke wa ofisi likanishika. Binti yangu alipozaliwa nilimpa jina la mama mkwe, Wawira, kama desturi yetu inavyotaka. Bibi alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamtemea mate kifuani kumbariki, lakini mimi hakuniambia neno. Iliniuma sana. Nilichotaka ni mwanamke yule ajue tu kwamba nilikuwa nakaa nje ya shamba lake kwa sababu nililipenda.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishwa kwenda kituo kidogo cha mlimani, kwenye baridi ya kukausha midomo. Huko nikawa chini ya Mtafiti Mkuu wa Uzalishaji Mbegu, tuliyemwita Daktari. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyekunywa kahawa kabisa. Alinifundisha kuchavusha: unafungua ua kabla halijafunguka lenyewe, unaondoa sehemu za kiume kwa kibano, unalifunika kwa mfuko wa karatasi, kisha unaleta chavua ya baba unayemtaka wewe. Mama alikuwa kahawa ya zamani, tamu lakini hoi mbele ya kutu. Baba alikuwa na kinga, ila utamu wake ulikuwa wa mashaka. Watoto wao tuliwapeleka Nyumba ya Kutu nikawapaka ugonjwa kwa mkono wangu.

Siku moja nilimpelekea Daktari mche safi kabisa, hauna hata doa. Nilijivuna kama nimeuzaa mimi. Aliugeuza majani, akanirudishia.

"Mzuri huu. Sasa niletee wale wanaougua kidogo."

"Wanaougua, Daktari?"

"Njeri, huyu msafi ana komeo moja kubwa mlangoni. Mbari moja tu ikipata ufunguo wake, kwisha. Wale wengine wana vikomeo vingi vidogo. Kutu inaingia, lakini inachoka njiani, na mti unaendelea kuzaa. Nataka vyote viwili kwenye mti mmoja."

Alichoniambia siku ile kilituchukua sehemu kubwa ya maisha yetu ya kazi. Mti wa kahawa hauharakishwi na mtu. Unapanda, unangoja uzae, unachavusha, unapanda tena mbegu zake, unangoja tena. Wengi waliochavusha nami walistaafu kabla ya kuona mti tuliokuwa tukiutafuta.

Niliporudishwa kituo kikuu, ukaja mwaka wa mvua isiyokatika. Kutu ikafagia Kirinyaga nzima. Shamba la mama mkwe likabaki matawi, majani yote chini yamekuwa ya chungwa. Asubuhi moja askari wa geti alinijia mbio: "Mama Wawira, kuna cucu hapa, bibi mzee, anataka kutupiga."

Nilipotoka nikamkuta mama mkwe ameshika tawi mkononi, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa amebadilisha magari mawili kufika pale, na umri ule.

"Mtoeni huyu!" akapaza sauti. "Ametoka huku na ugonjwa wenu akaniletea nyumbani. Amelala kwangu, amekula kwangu, ameniulia shamba!"

Wenzangu wote wakatoka kutazama. Nilitaka ardhi ipasuke. Daktari, ambaye sasa alikuwa Mkurugenzi, alikuja akavua kofia, akamwamkua, akamwomba lile tawi kana kwamba ameletewa zawadi.

"Mama, tutaipima kutu yako. Kutu zina koo, kama watu. Tutajua kama hii ni ya kwetu hapa au ni ya huko nje."

"Na ikiwa ni ya kwenu?"

"Ikiwa ya kwetu, tutakuja kuomba msamaha na kukupandia upya."

Kuipima kulichukua majuma. Tuliipaka kutu yake kwenye seti ya miche ya aina tofauti, tukangoja tuone ni ipi itaugua na ipi itapona. Majuma yale sikulala vizuri. Nilioga mpaka ngozi ikachubuka, nikikumbuka kila jioni ya kila mwaka, nikijiuliza kama kuna siku niliharakisha. Miche ilipotoa majibu, ikawa ni ile mbari ya kawaida, iliyokuwa mashambani tangu kabla sijaajiriwa. Zetu kali hazikuwa zimetoka. Nilikaa chini kwenye sakafu ya Nyumba ya Kutu nikalia kwa sauti.

Mama mkwe alipoambiwa alisema, "Haya," basi. Hakuniomba radhi, na mimi sikuitaka.

Lakini mwaka uliofuata ndipo mti wetu ulipotolewa kwa wakulima, wenye komeo kubwa na vikomeo vidogo pamoja, na waonjaji walikuwa wamekunywa kahawa yake wakaomba kikombe cha pili. Bwana shamba alileta vikonyo vyake bomani, vijiti vibichi vya kupandikiza kwenye mashina ya zamani ili using'oe mti. Akapandikiza mti mmoja kuonyesha, kisha akaondoka kwenda kwa jirani. Mama mkwe alibaki na kisu mkononi, hajui aanzie wapi. Nami niko mlangoni mwa jikoni.

"Kata kwa mshazari, Mama!" nikapiga kelele.

"Nimekata!"

"Umekata kama kitunguu! Kata mara moja tu, kisu kisirudi!"

"Njoo ukate wewe, si unajua sana!"

"Siwezi kuingia, unajua siwezi!"

Akasimama, mkono kiunoni, mistari michache ya kahawa kati yetu. "Njeri. Miaka yote hii, na shamba lenyewe limekufa, bado hutaki kuingia?"

"Halijafa, Mama. Ndiyo maana siingii. Nalipenda shamba hili kuliko unavyodhani."

Alirudi kwenye shina, akakata, safari hii vizuri kabisa. "Sasa nini?" akauliza, kwa sauti ya chini. Nikamwambia apachike, afunge kwa utepe wa nailoni, abane maji yasiingie. Tulifanya hivyo mpaka jioni, mimi nikipiga kelele mlangoni na yeye akifunga, majirani wakicheka barabarani. Vingi vilishika. Miaka miwili, mitatu, shamba likawa kijani tena, na kutu ikija inaacha madoa machache na kwenda zake.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na blanketi. Mkurugenzi mpya, kijana mwenye haraka, alisema maneno mazuri na kukosea jina langu. Niliingia kwenye bafu lile la mabati mara ya mwisho, nikakaa kwenye maji muda mrefu mpaka mwenzangu akanigongea. Koti na buti nikaviacha kwenye msumari.

Nilipofika nyumbani ulikuwa msimu wa kuchuma. Mama mkwe, mzee sasa, mgongo umepinda, alikuwa amekaa kwenye kigoda palepale kahawa inapoanzia. Miguuni pake kulikuwa na vikapu viwili.

"Umemaliza kazi ya watu?"

"Nimemaliza, Mama."

Akanisukumia kikapu kimoja kwa fimbo yake. "Basi umeoga vya kutosha. Ingia."

Nilichuma naye misimu michache, kisha akatutoka. Mashina yale ndugu zake mume wangu wanayachuma mpaka leo, wananitumia picha za majani, nami nayatazama hapa Doha kwa miwani, nikiyakuza kwa vidole kwenye simu. Wasichana wananiuliza kama sioni uchungu kwamba maisha yangu yote yaliishia kwenye mti ambao hauna jina langu. Nawaambia naona fahari, na uchungu pia upo, lakini ni wa kumkosa mtu mmoja tu.

Wawira yuko wodi ya magonjwa ya kuambukiza. Akirudi kutoka zamu hapiti sebuleni. Anakwenda moja kwa moja bafuni, na mwanawe Munene anabaki nje akipiga mlango kwa viganja, analia kwamba mama hamtaki. Jana alilia sana. Nilimbeba nikamwambia, "Anakutaka. Ndiyo maana anaoga." Hakunielewa, aliendelea kulia hadi maji yakanyamaza.

Mlango ukafunguka, Wawira amesimama na taulo kichwani, amechoka, anaogopa bado kumgusa mwanawe.

"Umeoga vya kutosha," nikamwambia. "Njoo."