Mgomo wa Uingereza Uliobarikiwa Tawa

Dada yangu ni muuguzi katika hospitali ya serikali kaskazini mwa Uingereza. Wenzake walipopiga kura ya kugoma, alikataa kutoka nje kabla ya kupata baraka za Mama. Sisi Wakamba tunajua uzito wa neno la mama. Ukilivuka, unaishi ukingojea mabaya. Bila baraka hizo angeingia kazini akipita mbele ya wenzake waliosimama langoni, na hilo lingemtesa maisha yake yote.

Alipiga simu Jumamosi asubuhi, Mama akaiweka kwenye spika. Tulikuwa shambani kwetu Tawa tukichimba mitaro ya matuta na wanawake wa mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu. Mama ndiye mwenyekiti.

"Mgomo?" Mama akafoka. "Umepewa kazi na Wazungu, halafu unawagomea? Kanisani nitasema nini?"

Mimi ni mwalimu wa historia, na mdomo wangu hauna breki. Nikadakia kwamba hospitali zile, ambako mgonjwa haulizwi pesa mlangoni, zilipiganiwa na wafanyakazi wa kawaida; hazikuwa zawadi ya malkia yeyote. Kwamba serikali yao imejaa watu waliosomea shule za ada kubwa, inawapigia wauguzi makofi leo na kesho inawaambia hazina ni tupu, huku matajiri wakibembelezwa. Kwamba wana bunge la pili ambalo mtu anaketi humo bila kupigiwa kura hata moja, na hao ndio eti walikuja kutufundisha demokrasia! Nilichemka kweli. Mama akaniambia nishike jembe.

Kisha akaisogeza simu mdomoni. "Na wagonjwa?"

"Wale mahututi wameachiwa wauguzi wa kuwahudumia, Mama. Tulipanga hiyo kwanza."

"Nyinyi wote mmetoka?"

"Wodi yetu yote. Nimebaki mimi tu."

Wanawake wakaacha kuchimba. Kila mmoja pale alijua kinachompata anayejificha nyumbani siku ya mwethya. Hutozwa kuku, na akikaidi, zamu yake ikifika hakuna anayekanyaga shambani kwake. Mama aliwahi kumtoza mke wa mchungaji jogoo mzima, bila haya.

"Kumbe hiyo ni mwethya," akasema. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo? Wenzako wako kwa mtaro, wewe unataka kukaa kwa kivuli?"

Halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya tangu aokoke. Aliitemea simu mate kidogo, kama bibi zetu walivyomtemea mtoto kifuani wakimbariki. "Enda, mwiitu wakwa, binti yangu. Simama na wenzako." Nililia, na sioni aibu kusema.

Waligoma tena na tena, kwenye baridi na mvua. Waziri aliapa kwamba hatayumba. Mwishowe akaketi mezani na nyongeza ikatoka, si yote waliyodai, lakini ilitoka. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba wakubwa wa kule hawajawahi kutoa kitu bila kusukumwa na watu wa chini. Wiki hiyo niliingia darasani kifua mbele.

Dada alipotupa habari, Mama alikuwa tena mtaroni, matope hadi magotini. Akainua jembe juu.

"Wamama, pigeni vigelegele!" akapaza sauti. "Tumeshinda serikali ya Uingereza!"