Tufe la Koko

Juzi nilishuka Kitengela kununua unga, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi pale ilipokuwa karakana ya fundi jirani yetu wa zamani. Siku hizi ni duka la mapambo ya Krismasi, limejaa matufe ya plastiki na taa zinazokonyeza mchana kweupe. Nikamwuliza kijana wa dukani kama anamjua mtu yeyote mwenye mashine ya kukereza mbao. Akacheka kwa heshima. "Madam, hiyo kitu iliuzwa skrap kitambo." Nikaukumbatia mkoba wangu. Ndani yake mlikuwa na kijiti kimoja tu, na ngoja nikueleze kilivyofika humo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila Krismasi tulitoka Kitengela kwenda Kimuka kwa nyanya yetu, Koko kama tulivyomwita. Tulikata tawi la saipresi, tukalivisha pamba na baluni, kisha tukasimama kulisifu kwa kelele. Mwaka ule Koko alikuwa amepoteza macho. Aliketi karibu na moto, akauliza baluni ni za rangi gani, akajibiwa. "Krismasi imekuwa ya watu wa macho," akasema. Hakusema kwa hasira, lakini mimi niliirudisha chapati sahanini. Nikaapa moyoni kwamba Krismasi ijayo Koko atapata pambo la kujua kwa mikono yake mwenyewe.

Jirani yetu Kitengela alikuwa fundi kutoka magharibi mwa nchi, mwimbaji wa kwaya, mkerezaji wa miguu ya vitanda. Mti ulizunguka kwenye mashine, naye akiuegemezea patasi ndefu, maranda yakiruka kama maganda ya viazi. Nilimsumbua mwezi mzima. "Wewe mtoto utanifungisha!" alilalamika. Mwishowe alinipandisha juu ya kreti ya soda, akakunja mikono ya sweta yangu, akashika patasi pamoja nami.

Alikuwa na vipande vizuri vya saipresi iliyokauka, lakini mimi sikuvitaka. Nilitaka oloirien, mzeituni wa porini, kwa sababu kaa la mti huo ndilo Koko alilosugulia ndani ya kibuyu chake cha maziwa. Nilijua atautambua kwa pua hata kabla ya vidole. Basi nikatafuta tawi bichi, tukakereza tufe zuri siku ya Jumamosi, na kufikia Jumatano lilikuwa limepasuka. La pili likapasuka vilevile. "Hii mti iko na maji bado," fundi akasema. "Lete ile imekaa mwaka mzima, ama uwachane na hii maneno."

Kuachana nayo sikuweza. Oloirien kavu niliyoijua mimi ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kifurushi cha vijiti vya kuchomea kaa la kibuyu kilichoning'inia juu ya moto wa Koko. Likizo ya Agosti nikaenda Kimuka na nia mbaya, nikachomoa kijiti kinene kuliko vyote. Sikujua kwamba Koko alivipapasa vijiti vyake kila asubuhi. "Panya wa nyumba hii siku hizi wanakula kuni?" aliuliza wiki nzima, na mimi nikinywa chai nikiangalia chini.

Mti ule ulikuwa mgumu, nakwambia. Patasi iliruka, ikanichuna kidole. Nusu ya kijiti ilichomoka kwenye mashine ikagonga mabati, fundi akakatiza wimbo wake. Nikaanza upya na nusu iliyobaki. Tufe lilipokamilika lilikuwa dogo kama pera, na mifereji mitatu ya kupitisha vidole. Nililipiga msasa hadi likateleza.

Siku ya Krismasi niliinamisha kichwa Koko anibariki kwa kiganja, kama tunavyosalimia wazee, kisha nikamwekea tufe mkononi. Akalizungusha. Akafuata mifereji, mmoja, wa pili, wa tatu. Akalipeleka puani.

"Kumbe panya wangu ni wewe," akasema.

Alicheka hadi hereni zikatikisika, na mimi nikalia kama mtoto mchanga. Hakukubali litundikwe kwenye saipresi. Alilifunga kwa ugwe shingoni mwa kibuyu chake, na tangu hapo kila tulipoaga alinipa kijiti kimoja kikavu nikamkerezee tufe jingine. "Hii si ya maziwa. Hii ni ya kazi yako."

Kijiti cha mwisho, hiki cha mkobani, tulikikuta baada ya kumzika, kimefungwa kitambaa ili kisichanganyike na vingine. Fundi alikuwa amesharudi kwao. Maziwa sasa tunanunua ya pakiti. Kibuyu kiko sebuleni kwa kaka yangu, kimevuliwa tufe lake, kimeoshwa kwa sabuni, hakinukii chochote, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Unga sikununua siku ile. Nilirudi nyumbani na kisu kidogo na karatasi mbili za msasa. Nitakichonga kijiti hicho kwa mkono, nikianza leo mezani jikoni, na Krismasi hii kibuyu cha Koko kitavaa tufe lake, kaka apende asipende. Litakuwa limepinda machoni pa watu, najua. Lakini ni matufe mangapi nilimkerezea Koko, na hakuliona hata moja.