Maharage ya Mwalimu wa Ushauri

Msibani Mitwero nilipewa ungo wa maharage. Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini, sisi wanawake tumebaki uani tukiandaa chakula, na mama mmoja asiyenijua akanisogezea ungo akasema, "Chambua hayo mwanangu, mikono isikae bure." Nikainama nikaanza kutoa vijiwe. Machozi yakanitoka mpaka yule mama akadhani mimi ni ndugu wa marehemu, akanipa pole za ndugu. Sikumkatalia. Marehemu alikuwa mwalimu wa ushauri wa shule tuliyosoma mimi na dada yangu, na kazi yake yote aliifanya kwa maharage.

Siku ile walimsifu kwa hisabati. Kweli alifundisha hisabati, na kusema haki alizifundisha vibaya, maana alikuwa na haraka ya kufika kwenye jibu na sisi tukiwa bado tunatafuta kalamu. Chumba chake cha ushauri hakuna aliyekitaja.

Katika shule nyingine nilizokuja kuzijua baadaye, chumba cha ushauri hakiingiliki. Msichana akionekana anatoka humo, jioni bweni zima limeshamtangazia mimba. Mvulana akionekana humo, basi kaiba. Mwalimu wetu alilijua hilo kwa kuwa ni mtu wa huku huku, Mmwera kama sisi. Alijua pia kwamba mtoto wa kwetu hawezi kukaa ana kwa ana na mtu mzima, akamtazama usoni, akamwaga yaliyo moyoni mwake. Atajibu "ndiyo mwalimu" na "hapana mwalimu" mpaka kengele ilie. Kwa hiyo aliomba maharage ya jikoni yachambuliwe chumbani kwake. Tulikula maharage karibu kila siku, kwa hiyo kazi haikuisha. Alikuita mbele ya watu wote, "Wewe, njoo unisaidie maharage," ukaenda, ukakaa kwenye mkeka, ungo katikati, yeye upande huu na wewe upande ule, wote mmeinamisha macho. Hakuuliza kitu. Kama una neno, lilitoka lenyewe wakati vidole vinatafuta kijiwe. Kama huna, umesaidia jikoni.

Aliwaita hata wasio na shida, ili asijulikane mwenye nayo. Tulikuwa tukitaniana kwamba maharage yakija mezani bila jiwe hata moja, basi wiki ile watu wana mambo mazito.

Dada yangu alikuwa kidato cha tatu na mimi kidato cha kwanza wakati mama yetu alipofariki, kwetu Rutamba, katika likizo, mvua za masika zikiwa zimekolea. Dada ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Mdomo wake haukujua kupumzika. Aliweza kukusimulia safari ya kwenda dukani ukatamani ungekuwepo. Baada ya msiba akaanza kunyamaza. Mwanzoni watu walimsifu kuwa amekua. Tuliporudi shuleni akawa hasemi kabisa, hali vizuri, anakaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi asikivae. Nilikuwa nikimvalisha mimi, mdogo wake, na nikiona aibu wenzangu wasione. Niliogopa. Nililala nikimsikiliza kama anapumua.

Mwalimu akamwita maharage. Akamwita tena, na tena. Mara za kwanza, mwalimu aliniambia baadaye, dada aliushika tu ukingo wa ungo. Kisha akaanza kuchambua. Kisha akaanza kusema.

Nilijua mambo yanabadilika siku dada aliponigombeza kwa ajili ya soksi zangu chafu. Alinigombeza vizuri, kwa kirefu, kama zamani, nami nikasimama pale nikitabasamu mpaka akakasirika zaidi. Siku chache baadaye tulikuwa bombani jioni, tunakinga maji, akaniambia bila kunitazama, "Leo nimemwambia mwalimu habari ya siku ile."

Nikauliza siku ipi, ingawa nilijua.

"Siku ya mama. Nimefika pale ninapotoka kisimani na ndoo. Kengele ikalia. Kesho nitamalizia."

Siku ile ya mama mimi sikuwepo nyumbani. Nilikuwa kwa shangazi. Dada peke yake ndiye aliyekuwa na mama mgonjwa, na kati ya kutoka kisimani na watu kuanza kujaa uani kuna jambo ambalo hakuna anayelijua isipokuwa yeye. Jambo hilo ndilo lililokuwa limekaa kooni mwake. Sikuuliza. Nilibeba ndoo zangu nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena namna ile.

Wakati huo mambo mengine yalikuwa yameshaanza kwenda. Mwalimu aliona kwamba maharage peke yake hayatoshi. Alitaka dada apelekwe hospitali mjini Lindi, waliko wataalamu wa magonjwa ya namna ile, huku akiendelea na masomo. Baba aliitwa shuleni. Alikuja kwa baiskeli, na shati lake la Idi, akakaa kwenye kiti cha ofisini kama mtu anayesubiri hukumu. Mimi niliitwa nikae naye. Alisikiliza yote akasema, "Mimi niko tayari, mwalimu. Hata leo."

Mkuu wa shule, aliyekuwa mtu wa kanda ya ziwa, akasema, "Basi vizuri. Baba yake huyu hapa amekubali. Kesho aende."

Mwalimu wetu akatikisa kichwa. "Mkuu, wewe mgeni. Huku hatufanyi hivyo. Mwenye mtoto ni mjomba wake."

Na baba, ambaye dakika ile ile alikuwa tayari, akainama akasema, "Ni kweli. Mwenyewe yupo Kitomanga."

Mkuu alitutazama wote watatu, akakunja midomo. Kweli alikuwa mgeni. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye anayeulizwa. Baba analea, analisha, anapenda, lakini akimpeleka mtoto mahali pazito bila mjomba kujua, ni kama amemwiba. Mwalimu alifanya adabu. Alifanya vile ambavyo mtu yeyote wa kwetu mwenye heshima angefanya. Mgeni asiyejua kitu angempeleka dada hospitali asubuhi yake.

Mjomba alifika siku iliyofuata ile jioni ya bombani. Alikuwa amevaa kanzu na koti. Mwalimu alikuwa mtu mzima lakini alimtangulia, "Shikamoo," na mjomba akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Walizungumza kwa upole sana. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, hakukatiza. Kisha akasema, "Nimekusikia. Nakushukuru kwa kumtunza mtoto wangu. Ila marehemu dada yangu hakuzaa mwendawazimu." Akaomba binti aitwe.

Dada alikuwa darasani. Alikuja na daftari la jiografia mkononi, akidhani anaitwa maharage.

Sitaki kumfanya mjomba awe mbaya. Alikuwa amezika dada yake wa pekee, na sasa anaambiwa kilichobaki cha huyo dada kinapelekwa kwa madaktari wa akili, na ukoo mzima utajulikana hivyo. Alimchukua akamtunze. Waliondoka kwa bodaboda, dada katikati, dereva mbele na mjomba nyuma amemshika mabegani asianguke. Sketi yake ya shule ilikuwa imebanwa kati yao. Hakugeuka kuniangalia.

Kitomanga alisomewa Kurani, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, akachinjiwa mbuzi. Baba alikwenda kumwomba arudishwe shule, akakaribishwa chakula kizuri na kurudi peke yake. "Shule ndiyo iliyomharibu," mjomba alisema. Wenzake wakafanya mtihani wa kidato cha nne bila yeye. Maneno aliyokuwa ameanza kuyapata yakamwishia tena, na safari hii hayakurudi, isipokuwa yale ya lazima: ndiyo, hapana, karibu, maji haya.

Mimi nilimaliza shule, nikapata kazi mjini. Mwalimu naye alistaafu akajenga Mitwero, tukawa tunakutana sokoni. Kila mara aliniuliza, "Dada yako hajambo?" na kila mara nilimjibu, "Hajambo," maana ndivyo tunavyojibu. Siku moja tu hakuridhika. Alisimama na kikapu chake akasema, "Nilimwita mwenye mtoto. Ningefanya nini?" Nilikuwa na hasira ya miaka mingi na niliona amenipa nafasi ya kuitoa, lakini nilipomtazama nikaona mzee aliyechoka, ameshika kikapu cha maharage. Nikamwambia, "Hukukosea, mwalimu." Sijui kama niliamini. Nadhani yeye hakuamini.

Wiki iliyofuata maziko nilikwenda Kitomanga. Mjomba sasa haoni vizuri. Alinipokea kwa furaha akanishika uso kwa mikono miwili. Dada alikuwa nyuma ya nyumba. Ana mvi chache mbele, na mikono yake ni migumu kwa kulima mihogo. Nilikuwa nimebeba maharage kutoka mjini. Sikumwambia kitu, hata habari ya msiba. Nilitandika mkeka, nikamwaga maharage kwenye ungo, nikakaa upande wangu, nikainamisha macho kama tulivyofundishwa.

Alikaa. Kwa muda mrefu aliushika ukingo tu. Kisha vidole vyake vikaanza kwenda, haraka, vinajua kazi, na vijiwe vikawa vinadondoka mchangani kimoja kimoja. Tukachambua mpaka karibu ungo uishe. Nikaona huenda hii ndiyo nafasi yangu ya pekee. Nikasema taratibu, bila kuinua macho, "Dada. Ulitoka kisimani na ndoo. Ikawaje?"

Vidole vikasimama. Akanitazama kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto jambo lililo wazi.

"Hayo nitamalizia kwa mwalimu," akasema. Akarudi kuchambua.