Wegesa na Mapanga Mawili Mafupi

Wifi yangu Wegesa alizaliwa Genkuru, akaolewa kwetu Mbalibali na kaka yangu Nikodemo. Kati ya hapo alipita Jeshi la Kujenga Taifa, na huko ndiko alikoharibika: hakuweza tena kukaa kimya. Alikuwa mfupi mno. Mimi mwenyewe si mrefu, lakini nikisimama naye nilijiona mlingoti.

Kambini kwao kulikuwa na Mjapani aliyekuja kufundisha ufundi wa matrekta. Kila alfajiri alicheza peke yake nyuma ya karakana na mapanga mawili mafupi ya mbao, moja kila mkono. Wenzake Wegesa walimcheka. Yeye akamwomba amfundishe, na aliporudi nyumbani alikuja na mapanga yake mawili ya mti mgumu, kayafunga ndani ya kanga.

Sasa, baba yangu, mzee Nyamhanga, alipigana Burma akiwa askari wa Mwingereza. Huko aliona mapanga marefu ya maofisa wa Kijapani, yale ya kushika kwa mikono miwili. Aliyaogopa, na alilisema hilo bila haya. Kwa kuwa aliyaogopa, aliyachunguza. Aliporudi alichonga la kwake la mbao, lenye kufika kifuani, akawa anafundishia mgambo wa kijiji. Hakuna aliyewahi kumgusa.

Mwaka 1976 baba alisema magoti yamechoka, atafutwe mwalimu mwingine. Wegesa alikuwa mwanamgambo kwa jina tu. Wanaume wakifanya mazoezi, yeye na wanawake wenzake walikoroga uji. Kila asubuhi, yeye aliyekula kiapo cha jeshi, mwiko mkononi! Iliniuma mimi kuliko ilivyomuuma yeye, au pengine yeye alijua kuficha.

Mwenyekiti wetu, Selestine, akatangaza: anayetaka ualimu apambane na mzee raundi tatu. Amguse kifuani au aiangushe silaha yake, hata mara moja tu. Asipopatikana mtu, wilaya italeta mwalimu wake. Waliojiandikisha ni wawili: Joram, kijana mwenye mabega kama ya fahali, na Wegesa.

Wiki tatu tulifanya mazoezi uani. Mimi nilishika ufito mrefu, nikawa baba.

"Wifi Philomena, ncha ikikutazama usiingie, utaumia," alinieleza. "Mwenye refu anataka ukae mbali. Subiri apige. Likishashuka ni zito kulirudisha juu. Hapo panga la kushoto linalikalia, mimi napita pembeni, la kulia linamaliza."

"Na ukishaingia?"

"Nikishaingia, lake halina kazi tena. Ni kulima bustani ya mchicha kwa plau."

Nilipata nundu mbili na kidole kilichovimba. Ningependa kusema sikulalamika.

Siku ilipofika, Joram alianza. Alikimbilia ncha mara tatu, mara tatu akapigwa vidoleni. Akaenda kukaa, ananyonya kidole.

Wegesa akaingia uwanjani. Baba akapiga kutoka juu. Panga la kushoto likalikalia lile refu, wifi akapita pembeni, akawa amefika, kifua cha mzee kiko wazi mbele yake. Akasimama. Akageuza uso. Baba naye akarudi nyuma hatua mbili kama aliyekanyaga moto.

Ndipo nilipoona upumbavu wetu. Kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Anamsalimia kwa mbali, anamwita Tata, yaani baba, hampi mkono, chakula anakiweka chini na kuondoka. Miaka saba Wegesa hajawahi hata kukigusa kigoda cha mzee. Na sisi wiki tatu nzima hatukulifikiria hilo, kwa sababu aliyekuwa anapigwa ni mimi, wifi yake, na wifi hupigwa tu!

Raundi ya pili ikawa vilevile. Alifika, akaganda. Watu wakaangua kicheko, na afande aliyetoka wilayani akafoka, "Hapa hakuna mkwe, hapa kuna adui!"

Nilimkimbilia Wegesa na maji. "Mguse tu, wifi. Ni mbao kwa shati."

"Wewe ni mtoto wake," alisema, anahema. "Mimi nitarudi vipi nyumba ile? Tata atanisalimia vipi kesho?" Machozi yalimlengalenga. Kisha akayatazama mapanga yake, akauliza polepole, "Masharti yanasema kifua au silaha, siyo?"

"Au silaha."

"Basi mimi na Tata hatuna ugomvi."

Raundi ya tatu baba alikuwa amekasirishwa na kile kicheko, akapiga kweli. Nililisikia panga likipasua hewa. Wegesa hakurudi nyuma wala hakukimbilia kifua. Alikutanisha mapanga yake mawili juu ya kichwa, akalidaka lile refu katikati, akalibana kuelekea chini. La kushoto likabaki limelikalia. La kulia likapanda na kushuka kwa nguvu zake zote juu ya mbao, inchi mbili tu mbele ya mikono ya mzee. Mikono haikuguswa. Panga la Burma likadondoka vumbini.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Mimi nililia wazi, sioni aibu kusema. Wegesa akaliokota, akaliweka chini mbele ya mzee kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua zake zote za heshima.

Baba hakuliokota. Alisimama akijipangusa jasho, halafu akaniita mimi, maana yeye na mkwewe huongea kwa kupitia mtu.

"Philomena, muulize mwalimu kama anapokea wanafunzi wenye magoti mabovu. Hilo la mwisho sijaliona hata Burma."

Nikafungua mdomo nimfikishie. Wegesa hakunisubiri.

"Ninapokea, Tata," alisema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."